Kisomeo cha Baba

Shangazi Tokilupe akisifu kitu nyumbani kwetu, ni chake. Ndivyo tulivyo hapa kisiwani Vava'u: dada wa baba ndiye mkubwa wetu sote, na baba mwenyewe hana mdomo mbele yake. Amewahi kusifu jogoo wetu, mkeka mpya wa mama na pazia langu la maua, vyote vikaenda. Kwa hiyo kaka yangu Siosaia alipotutumia kisomeo, kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, kutoka Auckland, nilianza kwa kukitafutia maficho.

Kishikwambi tulikuwa nacho tayari, ila baba hakukipenda. Mwanga wake ulimchoma macho, na kila akianza ukurasa, mara wanakwaya wanatuma ujumbe, mara binamu anapiga simu ya video huku anatafuna. Kisomeo hakina makuu. Ni vitabu tu, kurasa za kijivu, na herufi unazikuza utakavyo. Baba ni mwalimu mstaafu, na tangu macho yalipoanza kumsumbua alikuwa amenyong'onyea. Sasa kila alasiri alikaa barazani, kidole kikigeuza kurasa. Nilikuwa nikimchungulia tu na kufurahi.

Jumapili moja baada ya ibada, Shangazi alikuja kula. Kisomeo nikakisukumia chini ya mto. Kishikwambi nikakiweka mezani kama chambo, kinameta na kuimba nyimbo za kanisa.

"Nini hicho kinapiga kelele?" akauliza.

"Kizuri hicho, Shangazi! Kina picha, kina filamu, tena unaweza hata..."

"Nimeuliza ni nini, Vaisima. Sijakwambia uninadie."

Akala majimbi yake taratibu, akafuta vidole.

"Na kile cha kimya anachoshinda nacho baba yako? Nakiona kutoka dirishani kwangu. Kizuri sana kile."

Basi, yameisha. Nikakitoa chini ya mto kwa hasira. Baba alikuwa barazani, maana kwa mila yetu, tangu wabalehe hajakaa chumba kimoja na dada yake. Alisikia yote.

"Mpe shangazi yako," akasema. Sauti yake haikuwa na kinyongo hata kidogo, na hilo ndilo lililonichefua zaidi.

"Shangazi, macho yake mabovu!" nikaropoka. "Hicho ndicho pekee anachoweza kusomea!"

"Anaweza?"

Shangazi akakipokea, akakiwasha, akanigeuzia. Herufi zilikuwa kubwa hata maneno matatu yakajaza ukurasa mzima. Kisha akashusha sauti, baba asisikie.

"Juzi alikishika juu chini, alasiri nzima. Anageuza kurasa kama mtu anayemenya karanga. Hivyo ndivyo watu wanavyosoma?"

Mimi ndiye niliyempelekea chai kila alasiri, nikamuuliza kama kitabu kitamu, naye akaniambia kitamu sana. Niliona aibu hadi machozi yakanilenga.

"Hataki mjue," Shangazi akasema. "Kaka yako kakinunua kwa jasho lake."

"Sasa si uchukue kishikwambi? Kina mwanga, utaona vizuri."

"Mimi naona vizuri, bado natunga uzi kwenye sindano. Nimsomee ndugu yangu kwenye lidude hilo, mara litokee tangazo la mtu kavaa chupi, na sisi wawili tuko hapo? Mwanangu, unataka nife kwa aibu?"

Akaukokota mkeka hadi ukutani, upande wa pili wa pale alipokaa baba, akaketi chini ya dirisha, akapunguza herufi. Kati yao palikuwa na ukuta tu.

"Mwalimu!" akaita. "Umefika wapi?"

Nikamsikia baba akisafisha koo.

"Anzia mwanzo, dada," akasema.