Mtetemo wa Sauti ya Kisa

Kanisani Ikolo, Kisa alijulikana kwa sauti iliyonyooka. Akishika noti haitikisiki hata chembe. Basi aliporudi kutoka chuo cha muziki, baada ya miaka mitatu ya kufundishwa uimbaji wa klasiki, Jumapili ya kwanza watu walitazamana. Sauti ilikuwa nene, imejaa mpaka kwenye mabati, ila mwisho wa kila mstari ilitetema. Mama yake, Angetile, alitoka nje kabla ya sala ya mwisho.

Nyumbani, wakigeuza kakao juani, Kisa alimweleza kwamba mtetemo ule hakuutia kwa makusudi. Alifundishwa kuimba kwa pumzi ya tumboni na kulegeza taya; koo lilipoacha kujikaza, sauti ikaanza kuyumba yenyewe, mawimbi sita hivi kwa sekunde, yanayolingana.

Mama alimsikiliza mpaka akamaliza. "Bibi yako, mama yangu, naye alianza hivyo," alisema.

Kisa alimkumbuka bibi akiwa kitandani tu, mikono ikimcheza, akinyweshwa uji. Habari ya sauti hakuwahi kuambiwa.

"Mtetemo wangu nauzima nikitaka, mama." Akashika noti moja, akainyoosha kama zamani. Mama akarudi kwenye kakao yake.

Mwaka uliofuata Kisa alikuwa Kyela mjini, akifundisha kwaya. Wakijiandaa kwa Pasaka, Nsajigwa, kiongozi wa kwaya, alimwomba anyooshe sauti ili ilingane na wenzake. Akajaribu. Noti ilinyooka kidogo, kisha ikakatika. Akarudia, ikakatika tena. Alisingizia vumbi la mashine za mpunga.

Jioni alisikiliza kwenye simu nyimbo alizorekodi chuoni, kisha za wiki ile. Za chuoni, mawimbi yalifuatana sawasawa. Za sasa yalikuwa mapana, mazito, mengine yakiruka kama ngazi iliyopungua vidato. Alijikumbusha alichoambiwa na mwalimu wake: mtetemo wa mwimbaji hukoma anapoacha kuimba.

Kesho yake alikwenda dukani kwa Mansuri kuomba sukari kilo moja. Mzee Mansuri aliposikia sauti yake aliiweka mizani kando, akamuuliza kwa upole amefiwa na nani.

Tangu siku hiyo Kisa hakumpigia mama simu. Alimtumia ujumbe wa maandishi. Wiki ya tatu mama alishuka kwenye bodaboda mlangoni kwake, akaingia bila kusalimia.

"Sema jina lako, mwanangu. Polepole."

Kisa akalisema. Lilitoka vipande viwili. Mama akamshika mikono, akaiweka kwenye mapaja yake, akaitazama muda mrefu. Ilikuwa imetulia.

Asubuhi walipanda basi la Mbeya. Hospitalini, daktari alipitisha mpira mwembamba puani akatazama nyuzi za sauti, kisha akamtaka Kisa atembee juu ya mstari na achore duara. Akauliza habari za bibi. Alisema mafunzo hayakuleta ugonjwa. Mtetemo wa kujifunza uliufunika ule wa ugonjwa, ndiyo maana wamechelewa. Zipo dawa za kuupunguza. Za kuuondoa hazipo.

Kisha akamgeukia Angetile, akamwomba ashike "aa" kwa pumzi moja.

Mama alikataa. Kisa akamsihi. Mwishowe mama akafumba macho, akaanza, na sauti yake ilikuwa nyoofu, ya kupendeza. Kisa alihesabu mpaka nne. Kwenye tano ikaanza kutetema.

Daktari alivuta fomu nyingine, akamuuliza mama majina yake kamili.