Kitabu cha Tatu cha Mji wa Chokaa

Katika maktaba ya mtaa wa Buyenzi, ile ya chumba kimoja nyuma ya karakana za mafundi magari, sharti lilikuwa moja na halikuwa na mjadala: hupewi kitabu cha pili mpaka umsimulie Madamu Saliha cha kwanza. Unakaa kwenye kigoda mbele ya meza yake, unasimulia kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, naye anasikiliza amefumba macho. Ukiruka mahali anakurudisha. Ukibabaisha anakwambia nenda ukasome tena.

Sharti hilo alilitunga alipostaafu ualimu, na alikuwa na sababu nzuri. Vitabu vilikuwa vya Kifaransa, naye aliwajua watoto wa mtaa wake. Waliweza kukisoma Kifaransa kwa sauti kama redio, wasijue anayezungumzwa ni mtu au ni mbuzi. Baadaye sharti likapata sababu ya pili, na hiyo hakumwambia mtu. Macho yake yaliingia ukungu. Zilianza kupotea herufi ndogo, zikafuata kubwa, na sasa huu ulikuwa mwaka wa pili ukurasa kwake ni kitambaa cheupe kilichochafuka. Watu aliwajua kwa umbo na mwendo, vitabu kwa kuvipapasa. Orodha ya waazimaji waliijaza watoto wenyewe, kwa sababu eti mkono wa Madamu ulikuwa umechoka na chaki ya miaka thelathini. Wahenga walisema mficha ugonjwa kifo humuumbua, lakini wahenga hawakuwa na kamati ya wazazi iliyotamani kukigeuza chumba chao kuwa stoo ya vipuri. Mkutubi asiyeweza kusoma angewapa sababu waliyokuwa wakiitafuta.

Kwa hiyo kila kitabu alichokisifia miaka hiyo miwili alikuwa amekisikia tu kwa watoto. Na alivisifia kwelikweli, hasa vile vitano vya Mji wa Chokaa.

Vilikuwa vitabu vya watoto wa miaka kumi na moja hadi kumi na sita, juu ya mji ambao wakubwa wake wamechoshwa na huzuni za watu. Mtu akichukuliwa, asubuhi yake linakuja gari la chokaa, wanapaka nyeupe juu ya jina lake mlangoni, na tangu saa hiyo kulitaja ni kosa. Kuna msichana anaitwa Noria, wa miaka kumi na tatu. Mdogo wake, Tilo, anachukuliwa mwishoni mwa kitabu cha kwanza, naye Noria anakataa kunyamaza. Hadithi ndiyo hiyo; mengine ni kukimbizana juu ya mapaa.

Saliha alijua kumpimia kila mtoto cha kwake. Mpenda mbio alimtajia mapaa. Mpenda ugomvi alimtajia bibi mmoja mkorofi anayeshona majina ya watu kwenye pindo la nguo yake. Lakini wote, wakubwa kwa wadogo, aliwaahidi kitabu cha tatu: "Mule Tilo anarudi. Anagonga mulango, ule ule wa chokaa, na Noria anafungua." Aliyemsimulia kwanza alikuwa Karimu, mtoto wa fundi breki, wa miaka kumi na minne, na siku ile Saliha alimrudisha pale mlangoni mara tatu, si kwa sababu alibabaisha. Baada yake walikuja watano wengine, na wote walisimulia vilevile.

Buyenzi nzima ilijua kwa nini alikipenda. Miaka kumi iliyopita mwanawe Ilias alitoka nyumbani na kandambili kwenda kununua krediti ya simu pale kwenye kona. Hakurudi. Majirani wanamwita Mama Ilias mpaka leo, na waliomtafuta hawakuwahi kuwa na la kumwambia, basi hata katika hadithi hii jibu halitapatikana.

Jumamosi moja ya Machi alikuja mwanamke asiyemjua. Alijitambulisha kuwa ni Jovithe, anafanya kazi kiwandani kule Quartier Industriel, ni mama yake Benite. Saliha alimjua Benite: miaka kumi na mitatu, ana sauti ndogo, alikuwa amekisimulia kitabu cha kwanza na cha pili bila kuruka hata mstari.

"Madamu, nakuja juu ya hii vitabu," Jovithe alisema. Hakukaa. "Mutoto wangu mwingine alikufa mwezi wa kwanza. Bonfils. Malaria, siku tatu tu. Alikuwa na miaka tisa."

"Yoo. Pole sana, mama."

"Benite tangu siku ile hakukuwa anasema. Kwetu hatutaji tena ile jina, nilitosha mpaka picha kwenye ukuta, nikaficha, maana akisikia anakaa bila kula. Sasa tangu alianza hii vitabu yako, anasema. Anakula. Lakini nasikia mule kuna mutoto ananyakuliwa, mudogo ya ule musichana. Mi nataka kujua mbele ya kumuacha aendelee. Anakufa?"

"Apana. Katika ya tatu anarudi."

"We mwenyewe umeisoma, na macho yako?"

Hapo Saliha angeweza kusema neno dogo tu: nimesimuliwa. Lilikuwa neno jepesi, na watoto sita walikuwa mashahidi wake. Lakini mwalimu wa miaka thelathini hasemi amesimuliwa.

"Nimeisoma," alisema. "Na macho yangu. Nakupa neno yangu, anarudi."

Jovithe akashusha pumzi, akashukuru, akaenda. Jioni Benite akaja mwenyewe, akapewa kitabu cha tatu, kile chenye jalada lililovimba kwa mvua. Mlangoni aligeuka.

"Anarudi kweli, Madamu?"

"Wallahi," alisema Saliha, na alikuwa akiamini.

Kwa kawaida Benite alimaliza kitabu kwa siku tatu. Safari hii zikapita tatu, zikapita tano. Saliha alijiambia ni mitihani. Siku ya saba alisikia hatua zake kwenye changarawe, polepole, kisha kigoda kikalia. Kitabu kiliwekwa mezani.

"Haya, anza," Saliha alisema, akafumba macho.

Benite akaanza. Alisimulia juu ya mapaa, na daraja, na mlinzi anayepewa sigara. Alisimulia vizuri kama siku zote, ila bila haraka, kama mtu anayebeba ndoo iliyojaa. Akafika pale Noria anaporudi nyumbani alfajiri, mlango mweupe uko mbele yake. Akanyamaza.

"Endelea," Saliha alisema. "Kunagongwa."

"Nani anagonga, Madamu?"

"Si Tilo?"

"Apana."

Nje fundi mmoja alikuwa akipigapiga chuma. Saliha alifumbua macho, akaona umbo la msichana limekaa wima.

"Hakuna mutu anagonga," Benite alisema. "Noria anaenda mpaka kwenye shimo ya chokaa. Anakuta viatu ya watoto, mingi. Anaona moja iko na kamba ya bluu. Ni yeye alifunga ile kamba. Halafu ule bibi anamwambia kama Tilo alikufa siku ya kwanza. Siku ile ile walimunyakua. Wakati wote Noria alikuwa anamutafuta, alikuwa ashakufa. Ukurasa mia mbili kumi na moja."

"Apana," alisema Saliha. "Karimu aliniambia..."

Akasita. Neno lilikuwa limeshatoka, na neno likitoka halirudi.

"Najua," alisema Benite. "Iko hapa nyuma."

Nyuma ya kila kitabu cha maktaba ile kulikuwa na karatasi iliyobandikwa, ambamo kila msomaji alimwandikia anayefuata mstari mmoja: soma, au usisome, na kwa nini. Saliha ndiye aliyezibandika, enzi za macho yake, na zamani zile alizisoma zote kila Ijumaa na kucheka peke yake. Sasa alizigusa tu, kuhakikisha hazijabanduka. Benite akafungua, akasoma kwa sauti.

"Karimu anaandika: Tilo anakufa, ukurasa 211. Lakini musimwambie Madamu. Haoni tena kusoma, na munajua ya Ilias. Mwambieni kama alirudi, aligonga mulango. Chini yake Orlane: Sawa. Mi nilisema aligonga mara mbili. Halafu Rachid: Nilisema alikuwa na njaa, Noria akamupa mandazi. Madamu alicheka."

"Yatosha."

"Ziko zingine tatu."

"Yatosha, mwanangu."

Mwenye macho haambiwi tazama. Asiye nayo huambiwa anachotaka kusikia. Saliha aliona aibu kwanza, aibu tupu ya mtu aliyekuwa akitembea uchi mwaka mzima huku watoto wakigeuza nyuso pembeni kwa adabu. Kisha akaona hasira. Alimkasirikia Karimu, na mandazi ya Rachid, na zaidi akajikasirikia mwenyewe, maana uongo wa wale sita ulikuwa wa huruma, na ule aliompa Jovithe ulikuwa wa kiburi. Alitamani msichana aondoke. Msichana hakuondoka.

"Mama alikuuliza," Benite alisema. "Ulisema umesoma."

"Nilisema uongo."

"Juu ya nini ulisema vile?"

Saliha alipangusa meza kwa kiganja, ingawa haikuwa na vumbi.

"Nilitaka awe amerudi," alisema.

Benite alikivuta kigoda karibu na meza. "Mi pia," alisema.

Huko nje fundi aliacha kupiga chuma, akamtukana mtu kwa Kirundi, akaanza tena.

"Ulilia?"

"Siku mbili. Nilikutukana pia, Madamu, mu roho. Halafu nikarudilia kusoma."

"Nani anarudilia ukurasa kama ule?"

"Si ule. Ile ya mbele, ya mia mbili na makumi tatu. Pale Noria anaandika." Sauti yake ikawa ya kawaida, karibu ya kushangaa. "Karimu hakukwambia?"

"Kuniambia nini?"

"Anachukua makaa. Anaandika jina ya Tilo juu ya chokaa, pale pale mulangoni. Asubuhi wanakuja wanapaka. Magaribi anaandika tena. Wanapaka, anaandika. Halafu majirani nao wanaanza, kila mutu jina ya mutu wake, mpaka chokaa inawaishia. Ndiyo mwisho wa kitabu."

Bila shaka Karimu hakumwambia. Mtoto aliyerudi haandikwi mlangoni. Wale sita, kwa kumtunza Tilo hai, walilazimika kuutupa mwisho wa kitabu, nao ndio uliokuwa mzuri kuliko yote, na mwaka mzima Saliha aliwasifia watoto wa watu kitabu ambacho hakuwahi kukisikia.

"Na kwenu?" aliuliza taratibu. "Mama yako anajua?"

"Jana, wakati ya kula, nilisema Bonfils." Benite alisema jina lile kwa uangalifu, kama anayekanyaga sakafu iliyooshwa. "Mama aliweka kijiko chini. Nikasema tena. Akalia, mi nikalia. Halafu akaniambia kama Bonfils hakukuwa anapenda mboga ya lengalenga, nikasema ego, ni kweli, alikuwa anaipatia paka."

Saliha alitoa kitambaa, akajifuta uso wazi, bila kusingizia vumbi.

"Mwambie mama yako anipitie kesho akitoka kanisani," alisema. "Mi mwenyewe nitamwambia kama sikusoma, na kama sioni."

"Atakasirika. Na watu ya kamati watajua."

"Ana haki. Na wao wajue."

Akakisukuma kitabu upande wa msichana, akapapasa droo, akampa kalamu.

"Sasa andika. Zamu yako."

"Niandike nini?"

"Si kazi yangu. Anayefuata kusoma ni wa kwako."

Benite aliandika kwa muda mrefu kuliko mstari mmoja unavyohitaji. Saliha alisikia kalamu ikikwaruza, ikisimama, ikikwaruza. Ilipotulia, akaomba asomewe.

"Tilo anakufa, ukurasa 211," Benite alisoma. "Usiache pale. Fika 230. Unaweza kumwambia Madamu yote. Anajua."

Saliha akaitikia kwa kichwa. Akainuka, akaenda kabatini, vidole vyake vikapita juu ya migongo ya vitabu mpaka kwenye kile chenye kona iliyoliwa na panya, kitabu cha nne. Ndicho alichokuwa akikisifia zaidi baada ya cha tatu, kwa sababu humo Tilo wa Karimu alikuwa amenenepa na kujifunza kuendesha baiskeli. Alisimama nacho mkononi.

"Ile baiskeli," alisema. "Iko?"

"Sijui, Madamu. Sijafika."

Hapo alizoea kutoa maneno yake, kwa nini kitabu ni kizuri na kinamfaa nani, na maneno yalikuja mdomoni yenyewe kwa mazoea. Akayaacha. Alimwekea Benite kitabu mikononi.

"Hii siijui," alisema. "Soma, halafu uje uniambie."