Mlalamikaji Namba Kumi na Tisa

Cheti kinasema mimi ni mtaalamu. Nilikipata baada ya mafunzo ya siku mbili, na siku ya pili nilitoka mapema. Jiji lilihitaji ofisa wa ulinzi wa taarifa binafsi. Mkurugenzi alizungusha macho mezani, wenzangu wote wakainamia simu zao, na mimi, kwa kuwa yangu ilikuwa kwenye chaji, nikabaki nimeinua kichwa. Ndivyo nilivyopata cheo. Baadaye sheria ikataka pia tovuti ya jiji itumiwe na kila mtu, wakiwemo wasioona, na kazi hiyo nayo nikatupiwa mimi. Nyumbani nilisema nimeaminiwa.

Shangazi yangu ndiye aliyenilea. Macho yalimwishia polepole, na huu ni mwaka wa sita haoni kitu, lakini mashine yake ya kusaga nafaka haijawahi kumshinda. Husikiliza mlio, huchota unga kidogo, huusugua kwa vidole, kisha huamua kama urudishwe au ufungwe. Mashine iko uani kwake, na ua wake na chumba changu vimetenganishwa na ukuta mmoja tu. Hata kiwanja nilichojenga alinimegea yeye. Huiwasha saa kumi na moja na nusu alfajiri, na hapo usingizi wangu huwa ndiyo kwanza umekolea.

Mtu mwenye akili zake angezunguka ukuta na kusema, "Shangazi, silali." Mimi nilijaza fomu ya malalamiko. Niliona haya kumwambia mama aliyenilea kwamba ananikera, ila kumshtaki sikuona haya. Nilijua jina la mlalamikaji halitolewi kwa yeyote, maana mlinzi wa majina hayo ni mimi mwenyewe. Kwa hiyo nilimwaga yote. Niliandika kwamba mwenye mashine haoni, ndiyo maana hajui tofauti ya usiku na mchana. Nikaisoma sentensi hiyo mara mbili nikaiona tamu.

Shangazi akapata barua ya jiji: kuna mtu amelalamika, na kikao kitaamua kama mashine ibaki au iondolewe pale. Yeye moja kwa moja akamshuku mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili, mzee mpenda kimya. Akaacha kuitikia salamu zake.

"Ni yeye, sivyo?" aliniuliza.

"Shangazi, kazi yangu hainiruhusu kusema."

"Umekuwa mtu mzima kweli, mwanangu. Siri inakaa kwako." Akaniongezea chai, nami nikainywa.

Kabla ya kikao, malalamiko yote lazima yawekwe tovutini, majina yakiwa yamefichwa. Zamani karani wa masjala alipaka wino mweusi juu ya karatasi, akaipiga picha, kazi ikaisha. Ubaya wake ni kwamba simu zinazowasomea wasioona zilishindwa kuisoma picha hiyo. Nikatangaza kwamba enzi hizo zimepita. Niliweka maandishi yenyewe, yaliyochapwa, na juu ya kila jina nikachora kisanduku cheusi kwenye skrini. Malalamiko thelathini na mawili! Nilisogeza kiti nyuma nikayatazama kama fundi rangi aliyemaliza ukuta. Fundi wetu wa kompyuta, ambaye ofisini tunamwita Waya, akaniuliza kama majina nimeyafuta au nimeyafunika tu. Nami nikamuuliza yeye ana cheti gani.

Jumamosi asubuhi, siku tano kabla ya kikao, nilimwendea shangazi na kumfungulia ukurasa kwenye simu yake. Nilitaka asikilize shauri lake bila kumtegemea mtu. Zaidi nilitaka anisifu. Tuliketi kwenye benchi la uani, mashine imezimwa, unga umetulia kwenye nyusi zake. Akapitisha kidole kwenye kioo.

"Malalamiko namba kumi na tisa," simu ikasema, kwa ile sauti yake isiyo na furaha wala huzuni. "Kelele za mashine ya kusaga."

"Eh, inasoma vizuri hii," shangazi akasema.

"Si nilikwambia?"

"Mlalamikaji," simu ikaendelea, kisha ikasoma jina langu. Langu, la baba, na la babu, ambaye ni baba yake yeye. Ikafuata namba yangu ya simu, tarakimu moja moja, bila haraka. Kisanduku changu kilikuwa palepale, cheusi ti, na hakikuwa kimeziba kitu ila macho yangu. Simu haina habari na rangi. Inasoma maandishi, na maandishi yalikuwa mazima chini yake.

Nikanyoosha mkono niizime. Shangazi akaihamishia mkono wa pili.

"Iache."

Ikafika kwenye sentensi yangu tamu. Niliisikia ikisomwa mbele ya mtu niliyemwandika, na nikatamani ardhi inimeze na benchi lake. Ilipomaliza, shangazi aliiweka simu mapajani.

"Alfajiri naijua," akasema. "Wateja wangu wanaingia kazini saa moja. Nikichelewa kuwasha, wanapita. Kwa nini hukuja kuniambia? Ukuta si huu hapa?"

Nilikuwa na majibu mengi, yote ya kiofisi. Nikayaacha. "Niliona haya, shangazi."

"Haya ya kuniambia unayo. Ya kuniacha nimnunie mzee wa watu miezi miwili, huna."

Kisha akauliza, "Humo kuna watu wangapi wengine?"

"Thelathini na mmoja."

"Na wao wanasomwa hivihivi?"

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mimi ni ofisa. Nilimpigia Waya. Aliuondoa ukurasa kabla sijamaliza kueleza, na hakunicheka. Ningefurahi kama angenicheka. Shangazi alikuwa ameshachukua fimbo yake anakwenda kwa mwalimu. Nilipotaka kumshika mkono, akasema anaijua njia.

Sheria inasema kila mtu ambaye taarifa zake zimevuja aandikiwe ndani ya siku tatu. Jumatatu niliandika barua thelathini na mbili, moja nikijiandikia mwenyewe: "Ndugu, tunasikitika kukufahamisha." Nikajipelekea, nikasaini kwamba nimepokea. Mkurugenzi alinipa onyo la maandishi na kuniacha kwenye cheo, kwa sababu alipozungusha macho mezani kutafuta mwingine, vichwa vilikuwa vimeshainama.

Alhamisi mwalimu mstaafu alikuja kikaoni na shangazi. Alisimama akasema kelele zipo, hawezi kusema uongo, lakini anayeamka na njaa mtaani humo anaujua umuhimu wa unga. Kikao kikaamua mashine ibaki, iwashwe kuanzia saa kumi na mbili. Jioni yake nilikwenda kuomba radhi, nikayasema yote, hata lile la kuona sentensi yangu tamu. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe, mwanangu," akasema, na alimaanisha, sauti yake naijua. Nikatoka pale mwepesi, nikajiona nimepona.

Wiki iliyofuata, ombi la kwanza kabisa lililojazwa na mtu asiyeona kupitia tovuti yetu likafika mezani kwangu. Nilimwita Waya aje aone, kisha nikasoma jina la mwombaji nikamwambia arudi tu. Shangazi alikuwa amejaza kila sehemu bila kosa. Aliomba kumbukumbu zake za huduma za wazee zibadilishwe, mahali panapoandikwa mtu wa kupigiwa simu akiugua au akizidiwa. Palikuwa na jina langu tangu siku kumbukumbu hizo zilipofunguliwa. Aliomba liwekwe la mwalimu mstaafu.

Chini kulikuwa na nafasi ya kuandika sababu. Mimi ndiye niliyepigania vikaoni isiwe lazima kuijaza, nikisema jiji halina haki ya kumuuliza mtu zaidi ya linachohitaji kujua. Shangazi alikuwa ameiacha tupu. Iliniuma kuliko onyo, kuliko hata siku ile ya benchi. Nilitamani neno moja tu, hata la matusi, na ukuta ulikuwa ni uleule, ningeweza kuuzunguka nikamuuliza. Sikuwa na haki hiyo. Nikabonyeza "Limekubaliwa".