Siku Dereva Alipotupeleka Baharini

Nchi hii nimeizunguka yote, na asiyeamini aniulize. Nimefika mbugani simba wakiwa wamelala, nimefika mji wa milimani ambako watu hulala na soksi, nimefika baharini asubuhi na jioni. Kote huko nimefika nikiwa nimekaa kwenye kigoda jikoni kwa mdogo wangu, namenya viazi, mwanawe akitusimulia. Lakini kufika ni kufika.

Mwanawe huyo mtaa mzima tulimwita Dereva, kwa sababu ndiyo kazi aliyotuambia anaifanya: dereva wa watalii. Kila akirudi alileta kitu. Ganda la kombe, unyoya wa ndege gani sijui, siku nyingine jiwe tu, lakini jiwe la mlimani. Mdogo wangu alivipanga kabatini mbele ya vyombo vizuri, na mgeni hakuonjeshwa chai kabla ya kuvitazama.

Ukweli mimi niliujua. Siku moja alisahau chakula chake, nikampelekea mpaka yadi ya magari ya kampuni. Nikamkuta na buti za mvua, amelala chini ya gari, anakwangua matope. Vile vitu vya kabatini alikuwa akivifagia kutoka chini ya viti vya wageni. Kuendesha anajua, na leseni anayo, ila gari analitoa kwenye vumbi analifikisha kwenye bomba, basi. Akanishika kwa mikono yake yote miwili, imelowa.

"Mama mkubwa, nisitiri. Mama akijua mimi ni mwosha magari, na ameshaninadi mpaka kwa wakwe kwamba ni dereva? Uso wangu nitauweka wapi?"

Nikaapa. Mimi kuapa hakunichoshi.

Mambo yangeishia hapo, ila mdogo wangu alianza kusumbuliwa na magoti. Akasema kabla hajawa mtu wa kubebwa anataka kuiona kazi ya mwanawe kwa macho yake, aione na bahari. Hakutaka kingine duniani. Dereva akasema magari yamejaa. Akaulizwa tena baadaye, yamejaa. Mimi nikasema, huku napepeta mchele, kwamba mlinzi wa yadi kaniambia lipo moja linakwenda baharini tupu kuchukua wageni. Dereva aliniangalia vibaya sana. Sikuelewa kwa nini.

Gari hilo lilikuwa na dereva wake, mzee wa ndevu nyeupe waliyemwita Breki, aliyeanza kuendesha watalii Dereva hajaota meno. Wakapatana. Usukani atashika Breki, lakini mbele ya mama ataitwa mwanafunzi, anafundishwa kazi na Dereva. Na mwanafunzi haongei mpaka aulizwe. Breki alikubali bila taabu. Alisema hata nyumbani kwake hali ndiyo hiyo.

Njiani mdogo wangu alimwonea huruma. Aliniambia sikioni kwamba yule mwanafunzi anajitahidi, ila umri umeshamtupa mkono, na kwamba ni moyo wa mwanawe tu kumvumilia mtu kama yule.

Dereva sasa akawa anatueleza nchi. Na alieleza vizuri, siwezi kumpunja. Tulipopita mji wa milimani alisema udongo wa pale ni mwekundu, hautoki kwenye tairi bila brashi ya waya. Tulipopita kwenye mji wa maghorofa, mimi nimekodoa macho juu nahesabu madirisha, yeye alisema wageni wanaotoka pale hutafuna karanga na maganda huingia kwenye reli za viti. Kando ya mbuga tembo walisimama karibu na barabara, mdogo wangu akanibana paja mpaka nikaona nyota. Dereva akasema hao ndio wanaokwaruza milango, hasa ya kushoto. Juu ya twiga hakuwa na la kusema. Twiga hachafui gari.

Mdogo wangu alisema hajawahi kusikia mtu anayeijua nchi namna hii.

Tulifika baharini mchana. Maji yalikuwa mbali kule, yametulia, na mbele yetu mchanga mtupu, mpana kama uwanja wa ndege. Dereva alitazama huku na huku. Halafu akajikohoza, akachukua mkeka na kikapu, akatembea, akatembea, akautandika karibu kabisa na maji.

"Hapa ndipo ninapowaketishaga wageni wangu," alisema.

"Mkubwa," Breki akaanza, "hayo maji..."

"Mwanafunzi, kaangalie tairi."

Breki akaenda kuangalia tairi. Nilimwona kule juu, kivulini, amekunja nne.

Tukala mkate na mayai. Mdogo wangu alinyoosha magoti yake juani na akauliza wageni husema nini wakiona bahari. Dereva akasema hushukuru. Mama yake akauliza kama huogopa, akajibiwa kwamba wakiwa naye hawaogopi. Mimi niliona ukingo wa mkeka umelowa, nikajisogeza upande wa pili. Mtu mzima haingilii kazi za watu.

Wimbi likaja likachukua ndala yangu. Dereva akasema hilo limekosea njia. Lililofuata liliingia kwenye kikapu, na lililofuata hilo likatukalia mapajani wote watatu. Hapo Breki alishafika mbio, akambeba mdogo wangu mgongoni kama gunia la mahindi, mimi nikawafuata na ndala moja. Dereva alibaki kuokoa kikapu, kilichokuwa kimeshaanza kuelea.

Tulipofika kwenye mchanga mkavu mdogo wangu akashushwa, akakung'uta khanga yake, akageuka.

"Baba," alimwita mwanawe, kwa ile sauti ya upole anayoitumia kabla ya kumkamata mtu shingo, "hapa umeshakuja mara ngapi?"

"Nyingi, mama," Dereva akajibu. "Nyingi sana."

Maji yalikuwa yamemfika kiunoni. Alikuwa amejitwisha kikapu kichwani, amesogea pembeni kidogo, anayatazama yanavyokuja kama mtu aliyesimama kando ya barabara akingoja lori refu limalize kupita.