Panya wa Aya ya Tisa

Mwandishi wa habari za afya alikuwa ameandika ukweli mtupu: maji ya mizizi fulani yameshusha sukari kwenye damu ya panya wa maabara, na watafiti wenyewe wamesema binadamu bado hajajaribiwa. Mhariri, ambaye chumba kizima cha habari kilimwita Kiwembe, aliisoma habari hiyo akiwa amesimama.

"Panya hawanunui gazeti, dada," alisema, akawasukuma panya hadi aya ya tisa. Kichwa akakitunga mwenyewe: KWAHERI KISUKARI, DAWA YAPATIKANA! Chini yake, kwa herufi nene, jina la mwandishi. Mwandishi angeweza kukataa. Lakini ukurasa wa mbele ni ukurasa wa mbele, naye hakuwahi kuupata. Alinuna kidogo, akachukua mkoba wake akaenda zake.

Kaka yake, fundi cherehani, aliubandika ukurasa ule ukutani. Kila aliyekuja kupimwa suruali alisomewa, atake asitake. "Mdogo wangu huyu, tumbo moja!" Kisha, bila kumwambia hata mkewe, akaacha kujidunga insulini, akawa anachemsha mizizi aliyouziwa na mchuuzi mmoja mjanja mwenye gazeti lile lile mkononi.

Wifi yake ndiye aliyempigia simu, baada ya kugundua mizizi na sindano zisizotumika. Mwandishi alifika wodini mbio, akamkuta kaka ana dripu mkononi, midomo imekauka, anahema kama aliyepanda mlima.

"Kaka, si niliandika ni panya? Hukusoma mpaka mwisho?"

"Nikuchunguze kwani wewe mwizi?" Alijaribu kucheka. "Niliona jina lako. Nikasema, ingekuwa uongo, mdogo wangu asingekubali."

Njia nzima ya kuja hospitali, dada mtu alikuwa akimlaani Kiwembe. Sasa hakuwa na wa kumlaani ila nafsi yake, na ilimuuma vibaya.

Kaka hakutoka wodini akiwa hai.

Msibani, mteja mmoja wa marehemu alimvuta pembeni, akampa pole, kisha akanong'ona: "Ile dawa yako mama ameshaanza. Sindano tumeachana nazo. Anywe vikombe vingapi?"

"Arudie sindano leo hii! Mizizi ile haijathibitishwa. Ndiyo iliyomuua kaka!"

Yule mteja alimtazama kwa huruma, akamshika bega.

"Uchungu wa msiba huo, dada. Pumzika kwanza. Gazetini ulieleza vizuri kabisa."