Ziwa la Shashi

"Fumua," shangazi alisema.

Nilikuwa nimeinamia meza yake tangu nifunge kibanda changu cha kushonea, pini mdomoni, shashi, kile kitambaa chepesi cha shela, ikiniteleza vidoleni. Nikafumua.

Shangazi alikuwa mchoraji. Kiharusi kilimkuta katikati ya picha ya ziwa wakati wa mapambazuko: anga limekamilika, maji bado turubai tupu. Mkono wa kulia ukafa ganzi, wa kushoto ukakataa kujifunza. Kwa miezi kadhaa hakutaka hata kuitazama. Kisha akaniita, mimi fundi wa magauni ya harusi.

"Wewe una vitambaa vinavyoshika nuru," alisema. "Nishonee ziwa lote, mwanangu. Mimi nitakuwa macho, wewe mikono."

Nikaleta mabaki ya shela na kitambaa cha rangi ya fedha. Kila nilichoshona alikilinganisha na ile picha iliyosimama dirishani, na kila jioni neno lilikuwa lile lile: fumua. Mchana niliwavumilia mabibi harusi na mama zao. Jioni nikamvumilia yeye. Mgongo ukawa gogo.

Siku hizi ziwa lile linaning'inia katika ukumbi wa maonyesho, na watu huniuliza nilipata wapi wazo. Huwasimulia habari za nuru. Habari za uchovu siwaambii.

Maana jioni ile, baada ya kufumua tena, nilitema pini. "Shangazi, nimechoka. Maji ni maji."

"Ya bomba, labda."

Sikucheka. Nikageuza kitambaa cha fedha upande wa ndani, ule uliofifia ambao wateja hawauoni. Bila kumuuliza, nikatandaza juu yake shashi ya kijivu, kisha ya samawati, kisha nyeupe. Nikabana hapa, nikaachia pale. Mng'ao ukabaki chini kabisa, ukionekana na kupotea.

Alivuta kiti karibu.

"Silo nililoliona mimi," alisema.

"Najua."

"Hili linaamka kwa shida." Akapitisha kiganja cha kushoto juu ya mikunjo. "Kama mimi siku hizi. Liache. Na ile picha iondoe dirishani, inalizibia nuru."

Niliibeba hadi chumba cha pili, nikaiegemeza ukutani. Niliporudi alikuwa amesinzia, kiganja bado juu ya shashi. Sikukiondoa. Nikaketi sakafuni, nikavua viatu.