Soda ya Pili

Mtu aliyekuja kuleta habari ya msiba alipewa soda. Baridi kabisa, ya chungwa, na kiti cha plastiki kivulini kando ya kibanda cha mlinzi wa geti. Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi. Alikuwa ametembea tangu alfajiri, vumbi limempanda mpaka magotini, na alipoimaliza chupa akamwambia mlinzi, "Ndugu yangu, nina haraka. Nimemfuata mpwa wangu, yule mtoto mnayempiga picha humu ndani. Mama yake amefariki. Tunazika saa kumi."

"Subiri kidogo," mlinzi akasema. "Habari nimeshaifikisha kwa wakubwa."

Akasubiri. Saa sita akaletewa wali. Saa nane akaletewa soda ya pili. Mtu mzima, dada yake amelala maiti nyumbani, naye ameketi pale anakunywa soda, maana angefanyaje? Geti halikuwa lake. "Wale wakubwa, mwanangu," alimwambia mpwa wake miaka mingi baadaye, macho ameyainamisha chini, "ningeanzaje kuwafokea? Na halafu walinikaribisha vizuri."

Mpwa huyo alikuwa na miaka tisa. Alikuwa mtoto wa mpishi. Mama yake ndiye aliyewapikia wapiga filamu wa kampuni ile, sufuria mbili kubwa nyuma ya ghala, moshi machoni kutwa kucha, na binti akimsaidia kuosha sahani. Siku moja mwongozaji wa filamu alikuja kuomba chumvi akamkuta mtoto anaigiza. Na aliyekuwa anaigizwa ni yeye mwenyewe mwongozaji: anavyotembea amebinua kifua, anavyofoka, "Kata! Kata jamani, mnaniua!" Mwongozaji akacheka mpaka akashika mbavu. Kesho yake mtoto akavishwa gauni jipya, akasimamishwa mbele ya kamera, na mama yake akawaambia majirani kwamba sasa mlango umefunguka. Haukupita mwezi kifua kikambana yule mama. Akalazwa, na kampuni ikapata mpishi mwingine siku ileile.

Siku ya msiba kulikuwa na kipande cha kulia. Mtoto alikuwa ameshindwa tangu asubuhi. Walimpaka kitunguu, wakamfinya, wapi. Saa kumi na nusu, jua lilipoingia dirishani kwa namna aliyoitaka mwongozaji, yule bwana alichuchumaa mbele yake, kamera tayari inafanya kazi, akamnong'oneza, "Mama yako amekufa. Mjomba wako yuko getini." Mtoto akamtazama. Mwongozaji akamgeuza kidevu kwa kidole kimoja. "Usinitazame mimi. Tazama dirishani, kwenye mwanga."

Akatazama. Na pale dirishani akamwona mama yake amesimama nje, mwiko mkononi, kimya, anamtazama kama mtu anayetaka kuuliza, umekula?

Basi, kilio kile ndicho kilichomfanya mtu. Watu walilipia tikiti mara mbili ili wakalie naye. Vinyozi wakabandika ukutani picha ya mtoto aliyekodolea macho dirisha huku mashavu yameloa. Wakamwita Chozi. Lile jina alilopewa na mama yake likakosa wa kuliita.

Kampuni ikamlea. Mjomba aliweka dole gumba kwenye karatasi, na binti akahamia nyumba ya mwongozaji, chumba cha uani, akasomeshwa, akavishwa, akalishwa. Akaigiza yatima, akaigiza mjakazi, akaigiza bibi harusi aliyeachwa ukumbini. Barabarani watu wakimwona walimtania, "Chozi, hebu tutolee kidogo!" Naye akawatolea kidogo, wakapiga makofi, akaenda zake. Hakumwambia mtu yeyote siri yake, nayo ilikuwa hii: kila akilia mbele ya kamera, mama yake huja. Huja dirishani, au mlangoni, au kwenye upenyo wowote unaopitisha mwanga, na mwiko wake. Nyumbani haji. Kaburini, ambako binti alipelekwa siku ya tatu akaonyeshwa udongo uliokwisha kukauka, hakuja. Huja kazini tu. Ndiyo maana Chozi hajawahi kukataa kipande cha kulia, hata akiwa na homa. Wenzake walidhani ni bidii.

Sasa ana miaka ishirini, na hii ndiyo filamu yake ya kwanza ya kuwa mtu mkubwa. Jina lake litakuwa juu kabisa ya bango. Anacheza mama mdogo, mwenye kumpa habari mtoto wa dada yake kwamba mama amekufa. Mtoto mwenyewe ana miaka saba, meno mawili ya mbele yameng'oka, kwa hiyo kila mtu anamwita Kibogoyo, na yeye akiitwa hivyo anacheka ili pengo lionekane vizuri. Analala kwa mpambaji, yule mama mwenye poda na brashi, kwa sababu mama yake yuko hospitali wiki ya pili.

Leo Kibogoyo amegoma kulia. Si kwamba amekataa, la. Anajitahidi mpaka anatia huruma. Anakunja uso, anabana macho, halafu lile pengo linaonekana na kicheko kinamponyoka. Wamerudia mara kumi na nne. Saa saba mwongozaji akatupa kofia chini. "Pumzikeni! Mtoto huyu atanizika."

Mpambaji alikuwa anamfuta Chozi jasho shingoni.

"Mwanangu," akasema polepole, "nisamehe. Ile siku yako nilinyamaza. Nilikuwa mgeni kazini, nilikuwa na watoto."

"Siku yangu ipi?"

"Kuna mzee getini tangu saa nne. Baba mkubwa wa Kibogoyo." Akaiweka brashi chini. "Amepewa soda."

Chozi alisimama na poda upande mmoja wa uso. Hakuuliza zaidi. Miguu ilimpeleka yenyewe mpaka kwenye meza ya mwongozaji, ambaye alikuwa anakula, kitambaa kimechomekwa shingoni.

"Baba," akamwita, maana ndivyo alivyofunzwa kumwita. "Mama wa mtoto amekufa?"

"Nani kakwambia?"

"Wanazika saa ngapi?"

"Saa kumi na moja. Ni mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Atawahi." Akatafuna. "Naungoja mwanga wa saa tisa tu, nimnong'oneze, tupige, aende. Gari yangu mwenyewe itampeleka. Nini tena?"

"Mimi hamkuniwahisha."

"Wewe ulikuwa mtoto. Mtoto na maiti wapi na wapi?" Akafuta midomo. Hakuwa amekasirika, alikuwa anaeleza, kama mwalimu. "Hebu niambie ukweli. Mama yako, Mungu amrehemu, angekupa nini? Ukoko? Leo ukipita, mawaziri wanasimama. Hii kazi ni punda afe, mzigo ufike. Umekula mzigo huo miaka kumi na moja, leo ndiyo unamlilia punda?"

Chozi alitaka kumwambia kwamba punda alikuwa na mwiko mkononi. Alitaka kumwambia kwamba hajui uso wa mama yake ulikuwaje siku ile ya mwisho, ulikuwa umefumba macho au la, na kwamba kila siku anaamka akijiuliza hilo. Lakini mtu anayelala chumba cha uani hujifunza kuchagua maneno.

"Usipomwambia sasa hivi," akasema, "mimi sichezi. Tafuta mama mdogo mwingine."

Mpiga kamera akaacha kutafuna. Mwongozaji alimtazama muda mrefu, akamtazama na yule fundi wa sauti aliyekuwa pembeni na masikio yake makubwa ya kusikilizia yamening'inia shingoni, kisha akacheka kidogo, cheko la mtu aliyeshindwa.

"Haya, umenishinda. Mimi si shetani. Kamwambie wewe mwenyewe, unajua inavyouma." Akapiga makofi. "Jamani, tokeni wote nje! Wapeni nafasi. Mtoto kafiwa."

Chozi akashukuru. Ndiyo, alimshukuru, alisema "Ahsante, baba," na akapiga goti kidogo kama alivyozoea.

Kibogoyo alikuwa amekaa juu ya kitanda cha seti, kile kitanda cha mama wa filamu, anahesabu vidole vyake vya miguu. Watu walitoka mmoja mmoja. Taa kubwa zikazimwa, mwanga ukabaki ule wa dirisha peke yake. Kamera waliiacha palepale, juu ya miguu yake mitatu. Chozi akaketi kando ya mtoto, akamkumbatia bega. Kifuani pake, ndani ya gauni, ile maiki ndogo ilikuwa bado imebanwa tangu asubuhi. Mtu wa miaka kumi na moja kazini, anayejua kwamba kitu cha kwanza wakati wa mapumziko ni kuitoa maiki, hakuigusa.

"Mama amekufa," akasema.

Kibogoyo akainua uso haraka, akaweka mikono mapajani kama alivyofundishwa. "Nani sasa atanisuka nywele?" akajibu. Ndiyo maneno yake ya filamu, na safari hii aliyasema vizuri, bila kucheka.

"Hapana, hapana. Tuache mchezo. Nisikilize, mwanangu. Mama yako wewe. Yule wa hospitali."

"Yule wa kweli?"

"Yule wa kweli."

Mtoto alifikiri. Ulimi ulitokeza kwenye pengo, ukarudi ndani. "Hii ni ya kweli au ya kuigiza?"

"Ya kweli."

"Kwa hiyo nilie?"

"Usipotaka usilie. Baba mkubwa yuko getini amekuja kukuchukua. Utaenda umwone mama. Watakufunulia uso wake, utamwona vizuri, usiogope. Mimi sikumwona wa kwangu. Walinificha, mwanangu, walinificha mpaka wakamaliza kuzika, na mimi nilikuwa hapa hapa nimevaa gauni jipya. Wewe utamwona. Nimewaambia lazima umwone."

Sauti ilimkatika. Hapo ndipo Kibogoyo alipoelewa, si kwa maneno bali kwa kuiona ile sura ya mtu mzima ikivunjika karibu na yake. Akafungua mdomo. Kilichotoka kwanza hakikuwa kilio. Ilikuwa pumzi ndefu ya kuingia, isiyokwisha, halafu yakaja yote kwa pamoja, "Mamaaa," na mikono midogo ikamkamata Chozi shingoni ikambana kama mtu anayezama. Chozi akalia naye. Alililia uso asiouona, alililia ukoko, alilia kwa yule msichana wa miaka tisa aliyegeuzwa kidevu kwa kidole. Miaka kumi na moja amelia mbele za watu. Hiki ndicho kilio chake cha kwanza cha faragha. Akahisi kama ametuliwa mzigo.

Juu ya bega la mtoto, kupitia machozi, akaona kitone chekundu. Kidogo tu, kama ncha ya sigara. Kilikuwa pembeni mwa kamera na kilikuwa kinawaka.

Mkono wake ukaenda kifuani, ukaikuta maiki. Ilikuwa ya moto, bado inafanya kazi.

Mlango ulikuwa wazi kiasi cha upana wa bega. Mwongozaji alikuwa amesimama pale, ameshika pumzi, macho yamelowana kweli, na nyuma yake mpiga kamera, na nyuma yao fundi wa sauti, masikio yake makubwa yakiwa yamevaliwa sasa. Mpambaji alikuwa amefunika uso kwa viganja vyote viwili. Mwongozaji aliweka kidole mdomoni. Kisha, taratibu, kidole kilekile akakielekeza dirishani.

Chozi alijua la kufanya. Ni kuinuka, kuipiga teke ile miguu mitatu, kumbeba mtoto mgongoni na kwenda naye getini. Hatua hamsini hazifiki. Au aseme neno moja tu, tusi, au jina la mwongozaji, aharibu kila kitu. Aliyajua yote hayo. Lakini uso wake ulikuwa umeshamtangulia. Uso uliofundishwa tangu utotoni ulikuwa umegeuka wenyewe, kidevu kimeinuka kidogo, mpaka mwanga wa dirisha ukayakuta machozi yake vizuri, na mkono wake ukawa umemgeuza na Kibogoyo, kwa kidole kimoja, ili na yeye mwanga umpate.

Akatazama nje, akimtafuta mama yake.

Hakuwapo. Kulikuwa na uwanja mtupu na jua kali, na mlinzi wa geti akiukatiza taratibu kuelekea kwenye kiti cha plastiki alichokalia baba mkubwa, mkononi ameshika soda ya pili.